Habari za Kyavuhera

Asubuhi niliyofunga godoro langu kwa kamba, majirani zangu wa Bwera walidhani nimefukuzwa na mwenye nyumba. Sikuwaeleza. Nilikuwa nimelikandamiza godoro kwa goti, navuta kamba kwa mkono mmoja na meno, na mkono wa pili umeshika simu, kwa sababu nilihofu nikiiachia hata kidogo maneno yaliyomo yatafutika. Yalikuwa mistari minne tu. Nilikwisha kuyasoma mara ishirini na bado niliyarudia, kama mtu anayerudi mlangoni kuhakikisha ameufunga.

"Jana saa nane mchana Ezéchiel, fundi wa mbao, alirudi Kyavuhera. Amekonda lakini ni mzima. Tangu asubuhi tunaisikia randa yake nyuma ya kanisa. Anamuuliza kila anayepita: mke wangu Kavira yuko wapi?"

Kavira ni mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka minne Bwera, upande wa Uganda, na miaka minne hiyohiyo sikuwa nimesikia jina langu likitamkwa na mume wangu. Kyavuhera, kwetu, ni kijiji cha upande wa Beni ambacho wenye kuchora ramani hawakujisumbua nacho: nyumba sitini hivi, kanisa moja, shule ya madarasa sita, na kakao ikianikwa kwenye mikeka mbele ya kila mlango mpaka kijiji kizima kikanuka uchachu mtamu kama pombe changa. Ezéchiel alitengeneza milango, madawati, vitanda, na majeneza ilipobidi. Hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa wawili, na uwili wetu ulitutosha.

Siku wale watu wenye mapanga walipokuja, mimi nilikuwa Beni. Ezéchiel alinituma misumari ya inchi tatu na gundi. Walikuja mchana kweupe, saa ya kugeuza kakao juani. Niliporudi jioni nilikuta barabara imefungwa na watu wa kwetu wametapakaa kwenye uwanja wa shule moja ya mjini, kila mmoja na habari yake. Mmoja aliniambia amemwona Ezéchiel akikimbilia mtoni. Mwingine akasema hapana, yule alikuwa mtu mwingine. Nikaishika ya kwanza. Miezi mitatu niliizunguka Beni nikiwa na misumari kwenye mfuko, nikiuliza. Kisha nikavuka mpaka pamoja na wachuuzi wa kakao, kwa kuwa walisema Bwera kuna kazi, na kwa kuwa mtu aliyekimbilia mtoni anaweza kutokea popote.

Kazi niliyopata ni ya kutandika vitanda katika nyumba ya wageni ya Mama Hamidah, karibu na barabara iendayo Mpondwe. Vyumba kumi na vinne. Kila asubuhi nilikunjua shuka za watu waliokuwa wakienda mahali. Niliwajua kwa vilivyosalia: maganda ya karanga, tiketi, unywele mmoja juu ya mto. Wao hawakunijua. Katika miaka ile kuna wiki nzima zilizopita bila mimi kusema neno lisilohusu sabuni.

Sylivia ndiye aliyeniletea Kyavuhera. Ni mwanamke wa Kikonzo wa makamo yangu, ana kibanda cha kutengeneza simu mkabala na nyumba ya wageni, na miwani aliyoifunga kwa uzi mweusi. Nilimpelekea simu iliyopasuka kioo. Alipokuwa akiifunga skrubu za mwisho nilimuuliza, kwa aibu, kama simu inaweza kumwambia mtu habari za mahali.

"Mahali gani, mama?"

Nikamtajia. Aliandika, akakosea, akaandika tena. Kisha akanigeuzia kioo. Kulikuwa na herufi kubwa: Habari za Kyavuhera. Chini yake kulikuwa na habari ya juzi, kwamba mvua ya mawe imepiga kakao ya upande wa juu.

Nilikaa chini. Palikuwa na ndoo iliyofunikwa, nikakaa juu yake.

"Iko mutu wa kwenu anaandika," Sylivia alisema. "Lakini ukifungua hivi kila siku, mapicha itakumaliza bando. Ngoja nikuwekee mlisho." Akagusa alama ndogo ya rangi ya chungwa, nukta yenye matao mawili juu yake kama sauti itokayo redioni. "Hii inakuwa kama mutu wa posta. Wakiandika kitu mupya kule, inakuletea maneno peke yake. Wewe huendi kutafuta. Inakuja."

"Inakuja yenyewe?"

"Yenyewe. Ikiwa nyeusi, hujasoma. Ukishasoma, inafifia."

Aliniwekea na milisho mingine: redio ya Beni, matangazo ya mpakani, habari za dayosisi. Mwezi haukwisha nikawa nimeiondoa yote. Sikutaka dunia. Nilitaka kile kijiji kimoja.

Miaka miwili nilikula kutoka kwenye mlisho ule. Sijui niseme vipi. Kila asubuhi kabla ya kuamka wageni niliifungua simu, na Kyavuhera ilikuwa pale, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri cha shule, mistari mitatu, minne, sita kwa wingi. Shule imefunguliwa, watoto arobaini na wawili. Kengele ya kanisa imepatikana. Maana kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, na mwandishi alijua kwamba ukiigonga upande wa kushoto inalia kama kikohozi. Mbuzi amekula daftari la katekista. Siku nyingine niliiacha habari ikiwa nyeusi, sikuisoma, nikaenda nayo kazini chumba hadi chumba, ili mchana niwe na kitu cha kufungua.

Kisha watu walianza kurudi. Mmoja leo, mwingine baada ya mwezi. "Mama Masika amerudi. Nyumba yake imeezekwa upya." "Mzee Eridadi amerudi na wajukuu wake watatu. Anasema muhogo wa Beni hauna ladha." Niliwajua wote. Nilicheka peke yangu katika chumba namba sita, nimekumbatia shuka chafu, kwa sababu yule mzee angesema hivyohivyo. Kila jina liliporudi nilihisi njia inazidi kuwa nyeupe, na mwisho wake nilijua jina gani linakuja.

Utaniuliza kwa nini sikumuuliza mtu. Niliuliza mara moja. Jumapili moja kanisani nilikaa karibu na mfanyabiashara wa pande za Oicha, akaniambia kuna vijiji watu wamerudi na kuna vijiji hapana. Kyavuhera alikuwa haijui. Angeweza kuniulizia, alisema, nimpe siku chache. Nikamwambia asijisumbue. Nilikuwa na kitu kinachowaka mkononi, na sikutaka mtu yeyote akikaribie na pumzi zake.

Ndipo ikaja ile mistari minne.

Mama Hamidah aliniangalia nilivyolibeba godoro. "Ukifika, unipigie," alisema. "Hata kama ni kubipu." Nikavuka daraja la Mpondwe kabla ya saa tatu, nikapanda gari Kasindi, nikalala Beni kwa mama mmoja muuza mafuta ya mawese. Asubuhi yake nikatafuta pikipiki. Wawili wa kwanza walikataa waliposikia ninakokwenda. Wa tatu alisema atanifikisha kwenye kizuizi cha mwisho cha wanajeshi, mbele ya hapo Mungu anajua.

Nilijipaka mafuta. Niliona haya kufika kwa mume wangu nikiwa na vumbi.

"Simama hapo! Shuka!" Askari aliyetuzuia alikuwa mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alilizunguka godoro. "Unapeleka hii wapi?"

"Nyumbani, afande. Kyavuhera."

"Kyavuhera gani?"

"Si ni moja tu."

Hakucheka. Alimtazama mwenzake aliyekuwa amekaa kwenye gunia la mchanga, kisha akanitazama mimi, na sauti yake ikashuka. "Mama, mie nimetoka kule juma iliyopita. Hakuna nyumba. Hakuna batu. Majani inafika hapa." Akaweka kiganja kifuani.

Nikamwonyesha simu. Nilimwonyesha kwa ujeuri, kama mtu anayetoa hati ya kiwanja. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na midomo ikisogea kwenye jina la Ezéchiel.

"Nani aliandika hii?"

"Sijui."

"Bon. Huyu hajafika kule." Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Urudi, mama. Jua bado iko juu. Urudi."

Nilikaa pembeni ya barabara juu ya godoro langu kwa muda ambao siwezi kuupima. Mwenye pikipiki hakuniharakisha. Ng'ambo ya kizuizi barabara iliendelea, nyekundu, ikapinda, na kwenye ile kona majani yalikuwa yameanza kuilamba kutoka pande zote mbili. Haikuwa barabara inayopitwa na wanakijiji. Hata mimi niliona hivyo.

Siku ya tatu nilikuwa tena kwenye kibanda cha Sylivia. Sikuwa nimelia. Nilikuwa na hasira baridi, kama mtu aliyeuziwa dawa bandia.

"Nifungulie hiyo nyumba yenyewe," nilimwambia. "Si maneno yake. Nyumba yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kuiona tovuti ile kwa uso. Juu kulikuwa na picha ya kanisa letu, ya zamani, kabla halijachomwa, na watoto wamepanga mstari wakiwa wamefumba macho kwa jua. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kidogo chenye tarakimu. Na kando, katika kona ambayo mlisho haukuwahi kuniletea kwa kuwa haikuwa habari mpya, lilikuwepo neno moja: Kuhusu. Sylivia aliligusa. Alisoma kwa sauti, na kufika katikati akaacha, akanipa simu nimalizie mwenyewe.

"Watu kumi na saba waliuawa Kyavuhera siku moja. Hapa ninawaandikia siku walizonyimwa. Kila anayerudi katika kurasa hizi hakurudi. Anayesoma anisamehe. Aliyewajua anipigie." Kisha namba ya simu, na mji: Kasese.

Nilihesabu. Sylivia alidhani nasali. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, Mama Masika, Mzee Eridadi, wajukuu wake watatu, Philippe wa mashine ya kukoboa, wote niliowafurahia chumba namba sita. Wa kumi na saba alikuwa yeye.

"Ni mimi nilikosea, mama," Sylivia alisema. Alivua miwani. "Nilikuwekea ile kitu bila kusoma hii. Mlisho inakupa chakula kwa dirisha. Hupitii kwa mulango. Hata mwenye nyumba hakuoni."

"Hakuoni vipi?"

Akanionyesha kile kisanduku cha chini. Ni kihesabu, alisema, kinahesabu wanaoingia mlangoni. Kilionyesha kumi na nne.

Alimwandikia yule mtu ujumbe: kuna mama wa Kyavuhera anataka kukuona. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. Lilikuwa refu, lenye maelekezo ya kila kona kutoka stendi ya Kasese mpaka nyuma ya stesheni ya zamani ya treni, geti la kijani, mti wa mpera, na mwishoni: niko hapa siku yote.

Katika safari ya kwenda Kasese nilipanga matusi. Kinyamaseke nilikuwa na matatu, Muhokya nilikuwa na saba, na niliyachagua kama mtu anayechagua mawe. Joto la Kasese lilinipokea stendi na kunifuata kichochoroni. Geti la kijani lilikuwa wazi.

Alikuwa anaanika mashati mawili. Aligeuka, na matusi yangu saba yakaniishia, maana nilimjua. Alikuwa Mwalimu Christophe wa darasa la tano. Kule kwetu alikuwa kijana mwenye mwendo wa haraka na mifuko iliyojaa chaki. Ezéchiel alimtengenezea meza. Sasa nywele zake zilikuwa zimeingiwa na mvi upande mmoja tu, kana kwamba uzee ulimshika akiwa amelala ubavu.

"Mama Kavira," alisema. Shati lilikuwa likimdondokea maji miguuni. "Balinambia ni mutu wa Kyavuhera. Sikuwaza ni weye."

"Ni mimi, mwalimu."

Aliniingiza ndani, akanipa kiti kilichokuwepo, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Chumba kilikuwa na kompyuta kuukuu, madaftari ya wanafunzi wa Kifaransa anaowafundisha hapo Kasese, na sufuria moja. Sahani moja pia. Niliona vitu vile vyote kwa mara moja, kwa kuwa vilikuwa kama vyangu.

"Nilikwenda," nikamwambia. "Nilifunga godoro nikaenda mpaka kizuizi cha mwisho."

Hakuelewa. "Kwenda wapi?"

"Nyumbani. Uliandika kwamba ananiulizia."

Uso wake ulibadilika polepole, kama nguo inayolowa kuanzia pindoni. "Weye ulisoma?"

"Nilisoma yote. Miaka miwili."

"Yote?"

"Hata ile ya mbuzi wa katekista."

Sauti iliyomtoka ilikuwa karibu na kicheko, kisha haikuwa kicheko tena. Alisimama, akakaa. "Hapana, mama. Haiwezekani. Mie naangaliaka kile kihesabu kila asubuhi, kwa mulango wa nyuma, kabla ya kwenda shule. Batu kumi na ine tangu mwanzo mpaka leo. Na kumi kati yao ni mie mwenyewe. Niliwaza hakuna mutu. Niliwaza niko nasema na ukuta."

"Nilikuwa nyuma ya ukuta."

Akafunika uso. Nilimwacha. Kisha hasira yangu, niliyodhani imekufa getini, ikainuka. "Ungeandika chini ya kila habari kwamba si kweli. Ungeandika neno moja tu."

"Niliandika mulangoni, mama."

"Mimi sikupitia mlangoni!"

Jirani aliyekuwa akipepeta mchele nje aliacha kupepeta. Christophe aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake. "Pardon," alisema. "Pardon, mama." Hakuongeza lolote la kujitetea, na hilo ndilo lililonizuia nisiondoke.

Tulikaa hivyo mpaka mchele ulipoanza tena kupepetwa. Ndipo nikamuuliza nililolijia, ambalo kwa miaka minne sikuwahi kuliuliza kwa sababu sikuwahi kuwa na mtu wa kumuuliza. "Alikimbilia mtoni?"

"Hapana."

"Sema."

Alinitazama kupima kama naweza kubeba, kama alivyokuwa akiwapima watoto kabla ya kuwapa hesabu ngumu. "Wa kwanza ilikuwa yeye," alisema. "Alikuwa anakata mbao. Batu balikuwa banapiga kelele, banamuita, hakusikia. Musumeno ilikuwa inalia. Balimukuta kwa nyuma. Mama, sikudanganyi: hakujua kitu. Kesho yake asubuhi tulirudi batu ine, tukabazika. Nyuma ya shule, mustari mumoja. Yeye iko wa mwisho, upande wa mto. Nilimufunga shuka ya kitanda changu."

Nilisikia kila neno. Nilishangaa kwamba chumba hakikubadilika. Mashati yalikuwa yanadondosha maji nje, tap, tap, juu ya kipande cha bati. Miaka minne nilimwona mume wangu akikimbia. Kila nilipofumba macho alikuwa mbioni, majani yakimchana, amechoka, hapumziki. Sasa alisimama. Niliona mgongo wake ulioinama juu ya ubao, na unga wa mbao kwenye nywele za mikono yake, na hapo hakuwa na haraka yoyote.

Nililia mpaka nikashika ukingo wa kiti. Christophe hakunigusa. Alinimiminia maji kwenye kikombe chake, akaliweka shati kavu magotini mwangu, kwa kuwa hakuwa na leso.

Baadaye, jua lilipokuwa limehamia upande wa pili wa chumba, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kule shuleni alikuwa akiita majina kila asubuhi. Baada ya siku ile majina yalibaki mdomoni na hayakuwa na pa kwenda. Akajifunza kutengeneza tovuti kwa vitabu vya shule anayofundisha, akaanza kuwarudisha mmoja mmoja. Kwanza aliwapa mvua, kakao, shule. Kisha akawapa milango ya kurudia nyumbani.

"Kwa nini yeye ulimweka mwisho?" nikauliza.

"Sababu bengine nilibarudisha na batu yao. Mama Masika na binti yake. Muzee na bajukuu. Lakini Ezéchiel... weye ulikuwa muzima. Sikuweza kukuweka mule ndani na bale. Nikimurudisha, atarudi kwa nyumba tupu. Nilingoja. Nilikosa namna. Mwisho nikasema, basi, arudi, na aulize."

Nilifikiri juu ya hilo. "Ezéchiel hakuwa mtu wa kumuuliza kila anayepita," nikamwambia. "Angeingia ndani, angeona niko safarini, angepika uji wake akakaa kimya."

"Nilijua, mama." Alikuwa akikiangalia kikombe. "Lakini nilitaka mutu mumoja akuulizie."

Usiku ule nililala kwa jirani yake mpepeta mchele, na asubuhi tukaenda parokiani pamoja, mimi mbele, yeye nyuma kwa hatua mbili, kama watu waliogombana au walio katika msafara wa msiba. Ofisi ilikuwa imefunguliwa punde. Karani, mama wa makamo aitwaye Benedicte, alikuwa na daftari kubwa la kuandikishia misa, limepigwa mistari kwa wino mwekundu.

"Ni nia gani?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Ya shukrani, ya mgonjwa, ama ya marehemu?"

Bwera, kila mwaka, nilimwandikishia Ezéchiel misa ya msafiri. Padri wa kule alizoea, hakuwa akiniuliza safari hiyo inakwisha lini. Nilifungua mdomo na neno la zamani likaja la kwanza, likafika mpaka kwenye ulimi. Benedicte alingoja. Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya Kasese, mtu alikuwa akifagia ngazi za kanisa, na vumbi liliingia dirishani likitembea katika mwanga.

"Ya marehemu," nikasema.

"Jina lake?"

"Ezéchiel. Mume wangu."

Aliandika. Kalamu yake ilikuwa nzito, niliisikia ikikwaruza karatasi. Alipofika mwisho wa jina alitaka kufunga daftari, na Christophe akasogea akasimama kando yangu.

"Kuna bengine, mama," alisema.

"Wangapi?"

"Kumi na sita."

Karani akamwangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha ule mstari mmoja uliokuwa umesalia chini ya ukurasa. Akaugeuza ukurasa. Ule mwingine ulikuwa mweupe wote, akaubana kwa kiganja ulale vizuri, akatusogezea viti viwili kwa mguu.

"Basi kaeni," alisema, "mnitajie polepole."